Shika breki, Ami

Ami yangu alikatwa mguu wa kulia, chini kidogo ya goti, mwaka 2017. Ni kisukari. Mwaka uliofuata nikamnunulia skuta, zile za umeme wanazopanda wazee na watu wasioweza kutembea. Nakianzia kisa hapa kwa makusudi. Kila nikikisimulia kuanzia usiku ule wa barabarani, watu huniambia pole, ajali haina kinga, nami hunyamaza kwa sababu najua nimewaficha nusu ya habari.

Tulikuwa tukikaa Milton Keynes, Uingereza. Asiyeufika mji ule inafaa aelezwe ulivyo, maana bila hivyo hataelewa mzee mwenye mguu mmoja alifikaje katikati ya malori. Ni mji uliotangazwa mwaka 1967, ukachorwa kwanza kwenye karatasi, ndipo ukajengwa. Barabara kuu zake zimepangwa kama mistari ya daftari la hesabu, kila kilomita moja hivi unakutana na nyingine. Zinazokwenda upande mmoja zinaitwa H, zinazozikata zinaitwa V, na karibu kila zinapokutana kuna kipilefti. Magari hukimbia humo kwelikweli. Zile za njia mbili mbili, nyingi zinaruhusiwa maili 70 kwa saa, yaani kilomita 112. Waenda kwa miguu na baiskeli wametengewa njia zao zenye lami nyekundu, zinazopita katikati ya mitaa na kuzivuka barabara kuu kwa madaraja na mahandaki. Ukizijua njia zile, unaweza kutoka mtaa hadi mtaa bila kukanyaga barabara kuu hata mara moja. Usipozijua zinakuzungusha, na usiku, miti ikiwa imekuzunguka pande zote, kila kona inafanana na mwenzake.

Ami alikuwa dereva. Alipokuwa kijana Pemba alibeba karafuu kwa lori kuzipeleka bandarini Mkoani, katika vilima na kona ambazo mpaka leo zinawatia watu kichefuchefu. Mguu ulipokatwa akapewa wa bandia. Ukamchubua, akautupa chini ya kitanda, akawa anashinda dirishani na kofia yake ya viua kichwani, akihesabu watu wanaopita. Bimkubwa, mkewe, alinivuta jikoni siku moja akaniambia, "Mwanangu, huyu ataniishia hapa kitini."

Nikatafuta skuta ya mkono wa pili. Niliipata mtaa wa tatu kutoka kwetu, kwa kijana mmoja aliyefiwa na mama yake. Pauni 350. Ilikuwa ya magurudumu matatu, moja mbele na mawili nyuma, rangi nyekundu iliyopauka, na kikapu mbele. Yule kijana alinionyesha ufunguo, pa kuchajia, na kile kitufe cha mviringo cha mwendo, chenye picha ya kobe upande mmoja na sungura upande wa pili. Alinionyesha na komeo la nyuma ambalo ukilivuta skuta inakuwa huru, inasukumika kama toroli, akanionya nisilivute kwenye mteremko. Yote hayo hayakuchukua dakika tano. Nikamuuliza kama Ami atahitaji leseni. Akasema hapana, wala mtihani hakuna. Na ni kweli, sheria ya kule ndivyo ilivyo: ukiwa na ulemavu au ugonjwa unaokuzuia kutembea unaipanda na kuondoka. Bima halazimishwi mtu. Hata macho, unashauriwa tu uwe unaweza kusoma namba ya gari kutoka mita 12.3. Ami alikuwa ameshatolewa mtoto wa jicho upande mmoja, na wa pili alikuwa anaungoja.

Mambo mengine niliyasoma baadaye, nikiwa nimekaa hospitali usiku. Skuta hizi zina madaraja. Ya Ami ilikuwa daraja la 2: mwendo wake wa mwisho ni maili 4 kwa saa, mwendo wa mtu mwenye haraka kidogo, na imekusudiwa ipite pembeni na waenda kwa miguu. Barabarani inaingia kuvuka tu, au pale pasipo na njia ya miguu. Ikibaki pembeni hailazimiki kuwa na taa, na ya Ami haikuwa nayo. Ya kwenda barabarani ni ya daraja la 3, inayofika maili 8, yenye taa na indiketa na honi na kioo, na lazima isajiliwe serikalini. Hata hiyo ya daraja la 3, kwenye barabara ya njia mbili mbili inayozidi maili 50, inashauriwa isiingie, na ikiingia lazima iwe na taa ya manjano inayowakawaka. Mimi haya sikuyajua. Nyumbani tulikiita "kiti". "Kiti cha Ami kimechajiwa?" "Kiti kisinyeshewe." Hatukuwa tunamwachia Ami kiti, tulikuwa tunamwachia chombo, lakini neno lenyewe lilitulaza.

Siku ya kwanza niliitoa uani nikataka kumwelekeza. Akanitazama tu. "Wewe ulikuwa hujazaliwa mimi nashuka na lori pale Mkoani." Nikacheka, nikampa ufunguo. Mimi kwa Ami ni mtoto. Mtoto hamfundishi babaake kuendesha, na kwa adabu tuliyolelewa nayo niliona hata kuendelea kusimama pale ni kumvunjia heshima. Nikaingia ndani. Heshima ile ndiyo inayoniuma kuliko kitu kingine chochote katika kisa hiki.

Kuna jambo moja dogo ambalo ningebaki pale uani ningeliona. Chini ya usukani wa skuta ile, upande wa kulia, kuna kikono cha chuma. Ukikishika utadhani ni breki ya baiskeli: ukubwa ni ule ule, na vidole vinakaa pale pale. Lakini kazi yake ni kinyume. Ukikibana, skuta inakwenda. Ukikiachia, inasimama yenyewe. Breki nyingine ya kubana hakuna. Sasa mchukue mtu aliyepanda baiskeli tangu utotoni, ambaye kwa miaka 60 mkono wake umejua kwamba kubana ni kusimama. Akiwa ametulia atakumbuka. Akishtuka, mkono haumuulizi.

Na dalili tuliipata. Mwezi Septemba, ndani ya duka la vyakula, alimgonga mama mmoja wa Kiingereza miguuni. Mama alikuwa amechuchumaa anachagua viazi, Ami akaja nyuma yake, na badala ya kusimama skuta ikaongeza. Mama wa watu alivimba kifundo cha mguu. Alikuwa mstaarabu, akasema si neno. Mimi nililipa vile viazi, nikaomba radhi, na njiani nikamwambia Ami awe anakiweka kitufe kwenye kobe akiwa dukani. Sikumuuliza mkono wako ulifanya nini. Nilidhani ni macho.

Ilikuwa Ijumaa ya katikati ya Novemba 2018. Saa zilikwisha kurudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba, kwa hiyo jua lilizama kama saa 10 na dakika 10 jioni. Ami alikuwa amekwenda hitma mtaa wa pili. Aliondoka mchana kukiwa kweupe, akamwambia Bimkubwa atarudi baada ya Magharibi. Mimi nilitoka kazini, kwenye ghala la bidhaa, saa 11 kasoro, mvua nyepesi inanyesha, ile isiyolowesha haraka lakini haiachi. Niliingia barabara yetu ya V. Magari ni mengi saa ile, kila mtu anarudi kwake, na kioo kimejaa vitone vinavyotawanya taa.

Mbele niliona lori kubwa limewasha taa za dharura zote, upande wa kushoto. Nikadhani limeharibika. Magari yaliyokuwa njia ya kushoto yalikuwa yanachomoka kwenda kulia kwa ghafla, honi zinalia. Nami nikawasha indiketa nihame. Nilipolikaribia nikaona halijasimama. Lilikuwa linatambaa. Lori la magurudumu sijui mangapi linakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Nikatazama mbele yake, katika mwanga wa taa zake, nikaona kofia nyeupe.

Sina namna nyingine ya kulieleza. Koti lake lilikuwa jeusi, skuta ilikwisha kupauka, giza lilimeza kila kitu isipokuwa kofia ya viua, inayoelea juu ya barabara kimo cha bonneti ya gari. Dereva yule aliniambia baadaye kwamba hata yeye aliiona kofia tu, akadhani ni mfuko wa plastiki unapeperushwa, na jambo lililomfanya akanyage breki ni kwamba mfuko ule haukuyumba. Kitabu cha sheria za barabarani cha kule kinasema gari la maili 70 linahitaji mita 96 kusimama, na barabara ikiwa imelowa unahesabu mara mbili. Sekunde moja gari hilo limekula mita 31. Ami katika sekunde hiyo alikuwa anakwenda chini ya mita 2. Kwa dereva anayetoka nyuma, mtu wa namna hiyo ni kama kisiki katikati ya njia. Yule bwana wa lori alifanya jambo ambalo sitalisahau: alipoona hawezi kumpita wala kumsimamisha, aliwasha taa zote akajiweka nyuma yake kama ukuta.

Nililipita lori, nikapandisha gari kwenye majani mbele, nikashuka nikirudi mbio. Nilikuwa nalia bila kujua. Nilipofika mita kumi hivi nikapiga kelele, "Ami!"

Ningekwenda kimya. Ningemfikia taratibu nikamshika bega. Nilimwita, naye akageuka, na usukani ukageuka naye. Gurudumu la mbele likaugonga ukingo wa zege kwa upande. Ukingo ule ukitaka kuupanda na skuta unaukabili moja kwa moja, na ya magurudumu matatu ukiuendea kimshazari inakuangusha. Gurudumu likasugua, likaanza kupanda, skuta ikainama upande wa barabara. Na mimi, mtu mzima, mwenye leseni ya gari, niliyeinunua skuta ile kwa mkono wangu, nikapaza sauti:

"Shika breki, Ami! Shika breki!"

Akanitii. Nilikuwa karibu ya kuona. Niliona vidole vyake vinne, na pete yake ya fedha, vikikibana kile kikono mpaka vikawa vyeupe. Mashine ikavuma. Akazidi kubana, nami nikazidi kumwambia ashike, na skuta ikapanda ukingo kwa nguvu ile yote na kupinduka. Alianguka barabarani, bega la kulia chini. Lori lilikwisha kusimama nyuma yake. Kama lisingekuwapo lile lori, gari jingine lolote lingekuwa juu yake.

Alivunjika mtulinga. Kofia ilitoka ikabingirika hadi kwenye mfereji, na yule dereva, mvua inamnyeshea, aliifuata, akaikung'uta, akamvika mwenyewe kabla gari la wagonjwa halijafika. Nilimshika mkono nikashindwa kusema asante.

Hospitali, kiasi cha saa 7 za usiku, Ami alifumbua macho akaniona. Nikamuuliza kwa nini hakupita njia nyekundu. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Lile handaki lina majani. Wiki ile ya nyuma niliteleza mle, nikasota mpaka chini. Sikuwaambia, mngeninyang'anya." Usiku ule alikwepa handaki akachukua njia nyingine, ikampoteza kwenye miti, akaona taa za magari akazifuata. Barabara angalau aliijua inakwenda wapi.

Halafu akasema, "Breki ile mbovu. Nilishika ulivyosema."

Sikuweza kumjibu usiku ule. Nilimwambia baada ya siku nne, nyumbani, mbele ya Bimkubwa: kwamba breki haikuwa mbovu, kwamba mimi ndiye niliyemwambia vibaya, na kwamba siku ile uani nilipaswa kukaa nimwonyeshe hata kama angenifokea. Alisikiliza hadi mwisho. Bimkubwa alitaka skuta iuzwe, na watu wengi wa jamaa walimuunga mkono. Mimi nilikataa. Nilikuwa nimemwona dirishani mwaka mzima, na nilijua kule kitini nako mtu anakufa, polepole zaidi tu.

Mwezi Machi, bega limepona, tulikwenda Jumapili asubuhi kwenye uwanja mtupu wa kuegesha magari. Skuta tulikwisha kuifunga taa mbele na nyuma na bendera ya rangi ya chungwa kwenye fimbo, naye amevaa kizibao cha kung'aa juu ya kanzu. Nikasimama mbele yake hatua ishirini, nikamwambia aje kwangu kwenye sungura, na nikisema achia, aachie mkono wote, afungue kiganja kama anayeomba dua. Mara ya kwanza nilisema, akabana. Ilibidi niruke. Mara ya pili akabana, akachelewa, akaachia. Bimkubwa alikuwa amekaa kwenye benchi na chai ya chupa, anasoma nyiradi zake kwa sauti ya kusikika. Tulirudia wiki ile, na wiki iliyofuata, na ya tatu. "Achia, Ami." "Achia." Alikuwa hasemi kitu, anageuza tu skuta na kurudi alikoanzia. Wiki ya nne, mara ya ngapi sijui, alikuja kwa kasi yake yote, nami nikafungua mdomo, na kabla sijasema alikuwa ameshaachia.