Si kama apigaye hewa

Tafakari ya juma. Somo: 1 Wakorintho 9:24-27, Luka 14:28-30

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa jumuiya yetu alikuja nyumbani kwangu jioni, begi mgongoni, bandeji za ngumi zimening'inia nje ya mfuko, bado zina jasho. Yuko mwaka wa pili wa stashahada ya ujenzi. Miaka mitatu sasa anafanya mazoezi kwenye jimu ya mtaani, ile ya mabati na sakafu ya saruji, na ngumi za ridhaa amekwisha kuzipigana mara kadhaa. Sasa kuna promota, mwandaaji wa mapambano, anamtaka. Anataka aingie ngumi za kulipwa, aanze na mapambano ya utangulizi ya raundi nne, na kabla ya hapo aende kambini mkoa mwingine miezi sita. Kambi inaanza wiki mbili kabla ya mitihani ya muhula.

"Shikamoo mzee. Nimekuja uniombee."

Sikumwombea. Nilimwambia, "Marahaba mwanangu. Soma kwanza, hayo mengine yatakuja." Hata hakuwa amemaliza kueleza. Akajibu, "Sawa mzee," akanywa maji yake, akaaga. Mama watoto alikuwa jikoni, amesikia yote. Akaniuliza, "Umemuuliza hata swali moja?"

Sikuwa nimemuuliza.

Jumamosi alfajiri zamu ya kuongoza neno ikanikuta mimi, na somo lenyewe ndilo hilo la juu. "Napigana ngumi vivyo hivyo, si kama apigaye hewa, bali nautesa mwili wangu na kuutumikisha." Nilisoma huku namwona yule kijana amekaa karibu na mlango, kainamisha kichwa. Nikaona haya.

Wakorintho hawakuhitaji kuelezwa ngumi ni nini. Michezo ya Isthmia ilifanyika jirani na mji wao kila baada ya miaka miwili. Bondia wa enzi zile alijifunga mikanda ya ngozi mikononi, akaingia. Raundi hakuna, makundi ya uzito hakuna. Pambano liliisha mmoja akianguka asiinuke, au akiinua kidole kukiri kwamba yamemfika. Na lile neno tunalolisoma "nautesa", katika Kiyunani cha Paulo ni kumpiga mtu chini ya jicho. Mtume anasema mwili wake mwenyewe anaupiga hadi jicho livimbe. Huko kote, anasema, wenzetu wanakwenda kwa ajili ya "taji iharibikayo", majani tu yanayokauka.

Wapo ndugu ambao kwao mjadala huu ni mfupi: ngumi ni dhambi, basi. Siwezi kusema hivyo, maana Paulo hakuona tabu kujifananisha na bondia. Wapo na wengine wanaouchapa mstari huu kwenye fulana za mazoezi utadhani mtume alikuwa kocha. Hakuwa. Alikuwa anaogopa jambo moja, kwamba awahubiri wengine halafu yeye mwenyewe akataliwe. Lakini niliporudi kwenye mfano wake nikaona kitu nilichokuwa nakipita siku zote. Apigaye hewa hatajwi kama mvivu. Anatoka jasho kama mwenzake. Anachoka kama mwenzake, pengine kumzidi.

Wazee wenzangu watakumbuka Kinshasa, Oktoba 30, 1974. George Foreman aliingia ulingoni akiwa bingwa wa dunia na hajawahi kupoteza pambano. Muhammad Ali akaegemea kamba, akajifunika, akamwacha apige. Foreman alipiga kweli kweli, mikono, mabega, mbavu, raundi baada ya raundi, na kila ngumi ilimgharimu yeye zaidi ya ilivyomgharimu Ali. Raundi ya nane akaangushwa. Nguvu alikuwa nazo. Alizimwaga pasipo hesabu.

Huyohuyo Foreman ndiye vijana wanayependa kumtaja wakitaka kuacha masomo, kwa kuwa na yeye aliacha shule huko Houston. Hawamalizii habari. Baada ya kuacha alijiunga na mpango wa serikali ya Marekani wa kufundisha vijana kazi, na ni ndani ya mpango huo alikorudi kwenye masomo na alikokutana na ngumi. Mwaka 1968 akachukua dhahabu ya Olimpiki Mexico. Mwaka 1977, baada ya kushindwa huko Puerto Rico, akaacha ngumi akawa mhubiri, akakaa nje ya ulingo miaka kumi. Akarudi 1987, na mwaka 1994, akiwa na miaka 45, akautwaa tena ubingwa wa dunia kwa kumwangusha Michael Moorer. Nayasema haya kwa tahadhari. Mtu asipange maisha yake kwa muujiza wa mwenzake. Ila kijana wetu alikuwa anasema, "Mzee, mlango huu ukifungwa haufunguki tena," na hilo si lazima liwe kweli.

Mwaka huohuo wa 1994, mwezi Julai, bondia Robert Wangila wa Kenya alifariki Las Vegas kwa majeraha ya pambano. Ni yule aliyeleta dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul 1988. Alikuwa na miaka 26. Hili nalo nalisema kwa kuwa simu ya kijana imejaa video za bondia Mtanzania Hassan Mwakinyo akimmaliza Mwingereza Sam Eggington raundi ya pili kule Birmingham mwaka 2018, na ninamwelewa, hata mimi usiku ule nilipiga kelele. Lakini ya Wangila hakuwa anayajua.

Basi Jumatatu nikamfuata jimuni. Nilimkuta anapigana na kivuli chake mbele ya kioo kilichopasuka kona. Nikamtania, "Kumbe na wewe unapiga hewa?" Hakuacha kupiga. "Hapana mzee. Hapa namwona mtu. Nisipomwona, kocha ananisimamisha." Kocha, mzee wa makamo mwenye pua iliyolala upande, akatikisa kichwa kukubali. Nimehubiri mstari huo miaka mingi, na maelezo yake mazuri kuliko yangu nimeyapata kwa kijana wa miaka 21 akiwa na fulana iliyolowa.

Alipomaliza tukakaa kwenye benchi. Akatoa daftari lake la chuo nione anasomea nini. Kurasa za mbele ni hesabu za mihimili, michoro mizuri ya rula na mishale. Kurasa za nyuma kabisa kaandika uzito wake kila asubuhi, kwa kilo: 64.1, 63.7, 63.9, 62.8. Chini kapigia mstari 61.2, uzito ambao promota anautaka. Siku aliyofika 62.8 ilikuwa siku ya jaribio. Hakula tangu jana yake. Aliingia chumba cha mtihani kichwa chepesi, akatoka na sapu, yaani mtihani wa kurudia.

Nikamuuliza, "Mwaka huu, darasani unamwona mtu?" Akacheka kidogo. Akasema darasani analala, na jimuni anafika na njaa.

Hapo nikapata la kumwambia, japo ni dogo. Bwana wetu anauliza katika Luka, "Ni nani katika ninyi, kama akitaka kujenga mnara, asiyeketi kwanza na kuhesabu gharama?" Kijana wa ujenzi anaujua mstari huu kuliko mimi, hakuna fundi anayeanza msingi bila makadirio. Ila angalia neno "asiyeketi". Alikuwa hajaketi. Tangu promota ampigie simu, alikuwa anakimbia huku na huku, na mimi nilipopata nafasi ya kumketisha nilimpa maji na amri.

Tukaketi. Tukaufungua mkataba. Akivunjika mkono kambini, nani analipa hospitali? Mkataba kimya. Mapambano mangapi kwa mwaka? Kimya. Promota anachukua fungu gani? Hilo limeandikwa vizuri sana. Tukaja kichwani, na nikimaanisha kichwa chenyewe. Glovu inalinda mkono wa anayepiga zaidi ya ubongo wa anayepigwa. Ubongo unatikisika ndani ya fuvu hata asipoanguka mtu, na mwili uliokaushwa maji ili kufikia uzito unaingia ulingoni na hatari ya ziada. Kocha hakubisha. Alisema yeye mwenyewe majina ya watu siku hizi yanamponyoka.

Upande wa pili nao tukauhesabu, maana mizani ni ya pande mbili. Mwili wa bondia una wakati wake. Kumwambia asubiri hadi amalize chuo, atafute ajira, kisha ndipo arudi kwenye ngumi, ni kumwambia aache kwa lugha ya upole. Vyuo vingi vina utaratibu wa kuahirisha mwaka kwa barua na sababu, na kuahirisha ni tofauti kabisa na kupotea hadi ukadisko, yaani ukaondolewa chuoni. Promota anayemtaka kweli anaweza kusubiri wiki tatu mitihani iishe. Akishindwa kusubiri wiki tatu, hilo nalo ni jibu. Na wapo waliobeba vyote viwili: ndugu wawili wa Ukraine, Vitali na Wladimir Klitschko, wote walikuwa mabingwa wa dunia wa uzito wa juu na wote wana shahada ya uzamivu. Nilipomwambia hivyo akanitazama kama ninamtania.

Mama yake hakutaka kusikia Klitschko. Anauza samaki, anaamka saa tisa usiku. Alisema, "Mzee wangu, hicho kichwa nimekiosha mimi, nimekipaka mafuta mimi, nimekibeba kifuani kina homa. Leo mtu alipe kiingilio aje kukitazama kikipigwa?" Sikuwa na mstari wa kumjibu. Tulinyamaza wote. Halafu mwanawe akasema taratibu, "Mama, ada ya muhula uliopita niliilipa kwa hicho kichwa." Mama hakuwa anajua.

Jumatano kijana alikwenda ofisi ya chuo kuuliza fomu ya kuahirisha. Ameichukua, hajaijaza. Promota ameandikiwa ujumbe kuhusu zile wiki tatu na kuhusu hospitali. Hadi ninapoandika hapa hajajibu. Mkataba uko mezani kwangu chini ya Biblia, haujasainiwa. Safari hii nilimwombea, na nilimwomba na yeye aniombee.

Jumamosi jumuiya inasali kwa mama yake, saa kumi na mbili asubuhi. Atakuwa amerudi kutoka kwenye samaki, kwa hiyo tusichelewe.

Tuombe. Ee Bwana, umemjua mtoto huyu tangu tumboni mwa mama yake. Mketishe ahesabu. Mfungue macho amwone aliye mbele yake, darasani au ulingoni. Mlinde kichwa chake. Mpe mama yake usingizi. Na sisi wazee utufundishe kuuliza kabla ya kujibu. Amina.