Kupanga Kansanga

Kila anayenipigia simu kutoka Tanga huanza na habari ya nyumba. Ina geti? Choo ni cha ndani? Maji yanatoka? Ni maswali ya haki na majibu yake ninayo: geti lipo, choo ni cha ndani, maji yanatoka siku nyingi na yakikatika tuna tangi. Lakini mtu akiniambia anahamia Kampala, mimi humuuliza jambo jingine kwanza. Milango ya majirani zako itatazama wapi?

Naishi Kansanga, kwenye barabara ya kushuka Ggaba ziwani. Wanafunzi wa Kampala International University wamejaa mtaa huu, wakiwemo Watanzania na Wakenya wengi, kwa hiyo kwa muuza chapati jioni unaweza kusikia Kiswahili cha Mwanza na cha Mombasa kwenye benchi moja. Nilikuja kwa kazi ya uhasibu. Ofisini walinionyesha fleti nzuri Muyenga, kilimani, yenye ukuta mrefu na mlinzi, ngazi za marumaru na milango ya chuma iliyofungwa. Nilizunguka vyumba vyote bila kusikia sauti ya mtu. Niliwashukuru nikaendelea kutafuta.

Nilichokipata ni kile wenyeji wanachokiita mizigo: vyumba vilivyojengwa kwa mstari, kila mpangaji na mlango wake, mbele yake ua wa pamoja. Changu ni viwili, na mstari wetu una milango minne. Nimekulia Ngamiani, Tanga, katika nyumba ya Kiswahili hasa, korido katikati, vyumba huku na huku, jiko uani, baraza mbele. Hapa korido hakuna. Ukifungua mlango umeshafika uani, na ua huo ndio jiko, ndio kamba ya nguo, ndio sebule. Baraza nalo hakuna, na hilo ndilo lililonifikirisha zaidi. Tanga tunakaa tukitazama barabara, kila apitaye anasalimia na kusalimiwa, hata mgeni wa jana. Kansanga watu hukaa ndani ya geti wakitazamana wao kwa wao. Ukikosa nafasi kwenye ua, barabarani hakuna wa kukufidia. Ndiyo maana naona nyumba hapa huchaguliwa kwa majirani kabla ya vigae.

Kuipata si bure. Dalali hutaka hela ya kukuzungusha, na mkikubaliana anataka kodi ya mwezi mmoja kuwa ujira wake. Sina ugomvi na mtu kulipwa kwa miguu yake, ila asilipwe kabla hujaona chumba. Na ukaone mvua ikinyesha. Kampala ni mji wa vilima na mabonde, na maji ya vilimani yote hushukia kwa watu wa bondeni. Wakazi wa Bwaise, mtaa wa bondeni, wanaijua adha hiyo miaka nenda rudi. Mimi nilikwenda kukiangalia chumba hiki mwezi wa nne, masika yamekolea, nikasimama uani na mwavuli nikitazama maji yanaelekea wapi.

Kuhusu kodi, tuliozoea kukusanya ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo tutapumua. Hapa wengi huomba miezi mitatu ya kuanzia, kisha unalipa kila mwezi. Kuna pia Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022, na mgeni aisome kabla ya kusaini. Kodi ni kwa shilingi ya Uganda isipokuwa mmekubaliana vingine, nyongeza isizidi asilimia 10 kwa mwaka, na mkataba wa kuanzia shilingi 500,000 uwe wa maandishi. Niliichapa nikaiweka kwenye faili moja na pasipoti. Kibali cha kazi nacho kinatakiwa, hata baada ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki kuanza Julai 2010. Maombi yake hufanywa mtandaoni, na yanataka subira.

Siku ya kuhamia, mwenye nyumba alinipeleka kwanza kwa mwenyekiti wa LC1. Ni kama mwenyekiti wetu wa serikali ya mtaa, ila mizizi yake ni mabaraza yaliyoenezwa nchi nzima na serikali ya Museveni ilipoingia madarakani 1986, na katika uchaguzi wa 2018 wapiga kura walijipanga mstari nyuma ya mgombea wao mchana kweupe. Aliandika jina langu kwenye daftari, akaniuliza naswali wapi, akaniambia njia ya kwenda msikiti wa Kibuli. Barua yenye muhuri wake ndiyo niliyoipeleka benki. Mgeni asiyejulikana na LC1 ni mgeni kweli.

Basi, mita ya umeme. Wapangaji wote wanne tunatumia mita moja ya Yaka, ya kulipia kwanza, na kama kuna mahali nilipowafahamu majirani zangu ni kwenye mita hiyo. Mama wa chumba cha kwanza ndiye mwekahazina. Anakusanya hela kwa simu, ananunua, anaingiza namba, anaandika kwenye daftari nani ametoa na lini. Mwenye friji anaongeza. Mwenye pasi hapigi nguo usiku wa mechi, maana ikizimika dakika ya 80 hakuna atakayemsamehe. Kijana wa chumba cha tatu hucheleweshwa mshahara, na katika daftari nimeona miezi ambayo mama yule ameandika jina la kijana na kumlipia yeye mwenyewe, bila kutangaza. Mimi mhasibu nimepitia hesabu za makampuni, na hiyo ni miongoni mwa hesabu safi nilizowahi kuziona.

Chumba cha mwisho anakaa mzee tunayemwita Jjajja, yaani babu. Mwanzoni nilikuwa nikimwamkia kwa Kiswahili, anaitika kwa kichwa tu. Sokoni vilevile, muuza nyanya anacheka na mwenzake, nikifungua kinywa anakaza uso na bei inapanda. Nikaanza kujifunza Kiganda cha asubuhi na cha jioni, "wasuze otya, ssebo", "osiibye otya, nnyabo", na kuinama kidogo ninapowasalimu wazee, kwa kuwa mabinti wa hapa uani wao hupiga magoti kabisa. Nilipoanza kumsalimu hivyo, Jjajja alinivutia kigoda.

Ndipo akazungumza, tena kwa Kiswahili. Alikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani enzi za Amin, kwa askari mwenye bunduki anayedai kitambulisho. Kisha tarehe 11 Aprili 1979 jeshi la Tanzania pamoja na wapiganaji wa UNLF, Waganda waliompinga Amin, wakaingia Kampala, na yeye, kijana wa dukani wakati huo, akasikia askari akiomba maji kwa neno "tafadhali". Waliwaita bakombozi. Alisimulia furaha ya siku hizo, akasimulia na uporaji uliofuata, na risasi za usiku za miaka ya themanini, vyote kwa sauti ileile. Babu yangu mdogo alikuwa katika vita ile. Nyumbani tulikuwa tunasikia ushindi tu. Uganda ilirekebisha katiba mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likakubali kifundishwe kwa lazima shuleni. Nafurahia hatua hizo kwa moyo wote. Ila mwenzangu unayekuja huku, usitegemee karatasi ya serikali ikusalimie majirani. Wapo waliokutana na lugha hii mahali pabaya, na wana haki ya kukupima kwanza.

Sasa watoto wa uani huja Jumamosi na madaftari, wananiuliza ngeli. Shule yao imeanza somo hilo. Mdogo wao anasema "kitu changu, vitu vyangu" kutwa nzima hadi mama yake anamfukuza jikoni.

Chakula kilinichukua muda. Posho ni ugali wetu ule ule, mukene ni dagaa, hapo sikuhangaika. Matoke ndiyo yaliyotaka mwalimu. Mama wa chumba cha kwanza alinifundisha kutandika mabua ya migomba chini ya sufuria, kufunga ndizi kwenye majani, kuzipika kwa mvuke, kisha kuziponda kwa mikono zikiwa bado ndani ya majani, moto huo huo. Kwa mchuzi wa karanga, binyeebwa, sasa nayatamani hata kazini. Mimi nililipa kwa samaki wa nazi siku ya Idi, nazi zilizoletwa na abiria aliyepitia mpakani Mutukula. Jjajja alisema samaki hatakiwi kuwa mtamu hivyo, akaongeza wali.

Mwezi uliopita mwenye nyumba alitutumia ujumbe kwamba kodi zinapanda. Yangu ilikuwa 600,000, akataka 700,000. Wenzangu nao kwa kiwango kama hicho. Kila mmoja angeweza kwenda kulia shida yake peke yake. Tulikaa uani jioni ile, nikatoa faili langu, nikapiga hesabu ya asilimia 10 kwa kila chumba, mama wa chumba cha kwanza akayatia maneno kwenye Kiganda chenye adabu ambacho mimi sitakifikia, na Jjajja akakubali kuwa mbele kwa sababu ya umri. Tulikwenda wote wanne. Mwenye nyumba alitukaribisha chai, akasikiliza, akaeleza naye bei ya saruji na mkopo wake wa benki, na sikuona kwamba anadanganya. Tuliafikiana: changu 650,000, cha kijana kisipande mpaka mshahara wake utengemae, na yeye atengeneze mfereji wa maji ya mvua kabla ya mwezi wa tisa. Mkataba wa mwaka mwingine nimeshausaini, mwenyekiti wa LC1 akiwa shahidi. Fundi wa mfereji anakuja Jumatatu.