Bi Nyayo na Ngozi ya Kuazima

Tanga, Jumamosi, katikati ya masika.

Mvua haijakatika tangu alfajiri, na siku kama ya leo mfugaji makini hafungui zizi mapema. Nyasi zikiloa, minyoo wachanga hupanda juu ya majani, na kondoo, ambaye hula karibu na ardhi tofauti na mbuzi mpenda vichaka, huwameza bila kujua. Heri angoje saa nne, jua likiwahi kuchungulia.

Nimeanza na minyoo kwa makusudi. Kondoo wengi wa hadithi za njozi ni wingu lenye miguu minne: sufu nyeupe, macho malegevu, akili kisoda. Anayetaka kubuni kondoo wake mwenyewe aanzie zizini.

Wingu lenyewe lina gharama. Kondoo wa sufu hunyolewa walau mara moja kwa mwaka. Akiachwa, sufu humfunika macho, nyuma hushika mkojo na kinyesi, nzi hutaga humo na funza wakamla angali hai. Basi mhusika mwenye sufu lazima awe na kinyozi, na kinyozi huyo tayari ni mhusika wa pili. Kwa joto la Tanga mimi nampendelea wa kwetu: mwekundu wa Kimasai, au yule mweupe wa kichwa cheusi asiye na pembe, awe dume au jike. Nywele zao ni fupi, na akiba ya mafuta iko nyuma, mkiani na matakoni. Malisho yakiwa mengi hujaa, kiangazi kikikaza husinyaa. Mchore mkia vizuri, msomaji atajua hadithi iko msimu gani bila kuambiwa.

Huyo mwekundu ana sifa nyingine: humstahimili mnyoo anyonyaye damu tumboni kuliko kondoo wengi wa kigeni. Mnyoo mmoja hunyonya kama mililita 0.05 kwa siku, kwa hiyo 1,000 ni mililita 50, kila siku. Mnyonya damu wa namna hii haji usiku na joho jeusi. Amekwishaingia na nyasi za asubuhi. Mfunue kondoo ukope wa chini: ndani pakiwa pekundu, salama; pakipauka, damu inakwisha. Baadaye huja uvimbe laini chini ya taya, na hapo umechelewa sana.

Kondoo jike mzee anayeongoza kundi ningemwita Bi Nyayo. Mbele ya kila mguu, juu kidogo ya mahali kwato mbili zinapoachana, kuna tundu dogo litoalo nta yenye harufu. Kila anapokanyaga, anaacha alama. Ramani ya kichawi ya nini tena? Na matope ya masika yakiziba tundu hilo, linavimba. Ukitaka Bi Nyayo apotee njia, mpotezee hapo.

Mboni zake zimelala kama tundu la kutumbukizia sarafu. Akiinamisha kichwa kula, macho huzunguka ndani ya kichwa ili mboni zibaki sambamba na ardhi. Anaona karibu pande zote, isipokuwa nyuma yake kabisa na chini ya pua. Habari ya akili kisoda nayo iishe: mwaka 2001 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba kondoo hukumbuka sura za wenzake 50 hata baada ya miaka miwili. Mhusika asiyesahau sura ni hatari kwa msaliti.

Ila ukimpeleka kwenye mapango ya Amboni atagoma mlangoni. Kondoo hufuata mwanga, na fimbo itamzidishia woga tu. Ukisimama nyuma ya bega lake anakwenda mbele. Ukisogea mbele ya bega, anarudi.

Wahenga walisema kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana. Akitengwa na wenzake hulia mpaka sauti ikauke, lakini akiumia hunyamaza, maana chui humtafuta mnyonge. Ndiyo maana mchungaji hangojei kilio: anaangalia nani amebaki nyuma, nani hacheui.

Dume ni jambo fupi. Usimkune paji la uso hata akiwa mdogo, kwa sababu kwake huo ni mwaliko wa kupigana. Dume aliyelelewa kwa chupa hamwogopi mtu, naye ndiye anayevunja magoti ya watu. Akirudi nyuma hatua kadhaa huku kichwa kimeinama, hakimbii.

Kinachonivuta zaidi ni yatima. Jike humjua mwanawe kwa harufu saa chache tu baada ya kuzaa, na mgeni humpiga kichwa. Aliyefiwa na mwana hudanganywa hivi: mwana aliyekufa huchunwa siku hiyo hiyo, mradi hakufa kwa ugonjwa, ngozi hutobolewa matundu manne ya miguu, na yatima huvikwa kama fulana. Kosa la wengi ni kukata mkia. Mtoto akinyonya, mama hunusa nyuma, kwa hiyo mkia wa marehemu ndio hasa ubaki. Yatima awe amepata kwanza dang'a, yaani maziwa ya mwanzo yenye kinga: wa kilo 3 apewe mililita 150 ndani ya saa mbili tangu azaliwe, zifike 600 kwa siku nzima, maana baada ya hapo utumbo haupokei tena kinga hiyo. Wawili hao hufungiwa kijizizi cha mita moja na nusu kila upande.

Kwa joto la huku ngozi haivumilii. Siku ya pili inaanza kunuka na nzi wamejaa, kwa hiyo hukatwa kidogo kidogo, shingoni kwanza, mkia mwisho. Siku ya tatu yatima anasimama na ngozi yake mwenyewe, anajipenyeza kwenye chuchu, na jike anageuza shingo, anamnusa nyuma, ananusa tena.