Maneno ya Kiingereza Yanayojipinga Yenyewe

Neno la Kiingereza linalonishangaza kuliko yote ni "inflammable", ambalo lina maana ile ile ya "flammable", yaani kitu kinachoshika moto upesi. Kiambishi "in-" hapa kimetoka Kilatini na hakikanushi chochote, ijapokuwa katika "invisible", yaani kisichoonekana, kinakanusha kweli. Ndiyo maana katika miaka ya 1920 wataalamu wa kinga ya moto nchini Marekani walihimiza lile fupi litumike, kwa kuwa anayelielewa lile refu kinyume anaweza kuteketea, na huo si mzaha wa kisarufi.

"Cleave" lina kisa tofauti: lilikuwa vitenzi viwili vya Kiingereza cha kale, kimoja cha kupasua na kingine cha kuambatana, vikaja kufanana.

Kuhusu "table", Waingereza humaanisha kuwasilisha hoja ijadiliwe, ilhali Wamarekani humaanisha kuiahirisha. Winston Churchill alisimulia kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia maofisa wa pande hizo mbili, washirika kabisa, walibishana vikali na kwa muda mrefu kabla ya kutambua kwamba wote walitaka jambo lile lile.