Mradi wa sungura, mwezi wa 16: nimemtoa Jabali

Wiki mbili sijaandika kitu kwenye daftari la mradi na sababu ni Jabali. Dume wangu wa kwanza huyu, wa aina ya New Zealand mweupe, mpole, mgongo mpana, nyayo hazijawahi kuota kidonda hata kwa kukaa kwenye waya muda wote, yaani ungeniuliza miezi michache nyuma sungura wangu bora ni nani ningemtaja kabla hujamaliza swali. Na ndiye baba wa karibu kila mtoto aliyezaliwa bandani kwangu, hapo ndipo tatizo lilipoanzia.

Nirudi nyuma kidogo. Nilianza na yeye na majike watatu, wawili kati yao ni wa tumbo moja. Uzao wa mwanzo ulikuwa mtamu kwelikweli, watoto 8, 9, jike mmoja alizaa 10, basi nikabakiza mabinti watatu waliokuwa wazito kuliko wenzao, wakafika miezi 6, nikawapeleka kwa dume yule yule, baba yao. Nilijua siyo vizuri ila nikajiambia hawa ni wa nyama tu, mara moja haina shida. Wakazaa 7, 5 na 6. Jike akizaa mara ya kwanza huwa anatoa wachache kidogo, kwa hiyo silaumu undugu peke yake, ila watoto wenyewe walikua polepole pia, na hilo la ukuaji ndo lilinishtua.

Halafu yakaja meno. Wiki ya 7 nikaona mtoto mmoja kidevu kimelowa mate, amekonda, anaenda kwenye chakula anakinusa anaondoka. Kumfungua mdomo, meno ya chini yamepita mbele ya yale ya juu, wakati ya juu ndo yanatakiwa yakae mbele ili yasagane. Meno ya sungura hayaachi kuota maisha yake yote, yasiposagana yanarefuka mpaka mnyama anashindwa kula. Nikakagua wote siku hiyo hiyo. Uzao ule wa 7 walikuwa wawili, na ule wa 5, ambao mama yake ni dada wa tumbo moja na yule wa kwanza, alikuwa mmoja. Sungura anaweza kuharibu meno kwa kung'ata na kuvuta waya, hilo lipo, lakini watatu kwa mpigo kutoka kwa madada wawili, na baba ni mmoja, hapana jamani, hiyo ni ya kurithi.

Ubaya wa kasoro ya namna hii ni kwamba inajificha. Mtoto anatakiwa apokee jeni mbovu kwa baba na kwa mama ndo ionekane, akipata moja tu anakuwa na meno safi kabisa ila anaigawa kwa nusu ya watoto wake. Jabali ana meno mazuri mno. Lakini kama amezaa wenye kasoro basi anaibeba, na mabinti wale wawili wanaibeba. Binti wa tatu ametoa watoto 6 na wote wazima, nikakaa na kalkuleta: kama angekuwa anaibeba, nafasi ya wote 6 kutoka salama ni kama 18 kwa 100. Siyo uhakika, ila inatosha kumbakiza kwa sharti kwamba hapandishwi na mtu yeyote wa ukoo wa baba yake. Jabali na mabinti wale wawili nimewachinja. Sikutaka kumpa mtu mwingine Jabali akafugie, maana ningekuwa nimempa matatizo yangu, na angeona dume zuri vile angelitumia tu.

Ukipandisha baba na binti, au kaka na dada wa tumbo moja, undugu wa mtoto (yaani nafasi ya kupokea jeni ile ile mara mbili, kwa baba na kwa mama, kutoka kwa mzee mmoja wa ukoo) ni asilimia 25. Ndugu wa baba mmoja mama tofauti ni 12.5. Hizo nilikuwa nazijua. Kitu nilichokuwa sijui ni hesabu ya banda zima: chukua 4, zidisha kwa idadi ya madume, zidisha kwa idadi ya majike, gawanya kwa jumla yao wote. Kwa dume 1 na majike 6 unapata kama 3.4, yaani banda lenye sungura saba kivinasaba ni kama lina watatu na kidogo, na undugu unapanda kama asilimia 15 kila kizazi. Weka madume 3 kwa majike wale wale 6 unapata 8, undugu unapanda 6 na kidogo. Madume wawili wa ziada tu! Wanakula ndiyo, wanachukua nafasi ndiyo, ila kuongeza majike hakungenisaidia hivyo hata kidogo.

Kwa hiyo nimeleta madume wawili na jike mmoja. Masizi ni Californian, pua na masikio meusi, Radi ni New Zealand mweupe wa ukoo mwingine, na jike ametoka sehemu moja na Radi. Walikaa karantini siku 30 mbali na banda, nawalisha wao mwisho kila siku. Sasa kila kizimba kina rangi. Madada wawili wa mwanzo ni nyekundu, jike wa tatu na binti yake ni buluu, mgeni ni kijani. Mtoto anabaki na rangi ya mama yake, na dume anayezaliwa hapa hapandi rangi yake hata siku moja: dume wa nyekundu anaenda buluu, wa buluu anaenda kijani, wa kijani anaenda nyekundu. Nikisahau daftari nyumbani rangi inaniambia. Dume wa tatu nitambakiza kutoka uzao wa kijani.

Kosa lingine nimeligundua nikipitia rekodi za zamani, na hili limeniuma zaidi ya meno. Wale mabinti niliowachagua kwa uzito, wote walitoka kwenye uzao uliobaki na watoto wachache. Lazima wawe wakubwa, maziwa yote yao! Mtoto wa kilo 1.9 wiki ya 8 aliyelelewa na wenzake 3 nilimwona bora kuliko wa kilo 1.65 aliyelelewa na wenzake 8, wakati mama wa yule wa kwanza amenipa jumla ya kilo 7.6 na mama wa yule wa pili karibu 15. Nilikuwa nachagua majike wasiolea wengi bila kujua. Kuanzia sasa binti wa kubaki anatoka kwa mama aliyezaa angalau mara 3 na kuachisha 8 au zaidi, ndani ya uzao huo ndo naangalia uzito.

Siku 52 zilizopita nilipandisha watatu siku moja, jike akipelekwa kwa dume siyo dume kwa jike, maana jike analinda sana sehemu yake. Nyekundu mmoja na kijani kwa Masizi, buluu kwa Radi. Wote walishika, boksi za kuzalia niliweka siku ya 28, wakazaa siku ya 31. Nyekundu 10, kijani 7, buluu 6. Siku iliyofuata nikahamisha wawili kutoka nyekundu kwenda buluu ili wawe 8 kwa 8, nikawatia alama ya maka pen sikioni na kuirudia kila inapofifia. Kwenye rekodi idadi ya kuzaa inabaki kwa mama mzazi, maziwa anahesabiwa mlezi.

Leo siku ya 21 nimepima kila uzao kwa pamoja, maana mpaka hapa wamekula maziwa zaidi kuliko kitu kingine. Nyekundu kilo 2.9, buluu 2.4, kijani 2.7 na wako 7 tu, huyo mama ana maziwa jamani. Wale wawili wa kuhama pua zimeanza kuwa nyeusi kama za baba yao Masizi, katikati ya watoto weupe wa Radi, maka pen siihitaji tena. Meno nimeangalia mmoja mmoja, wote 23 sawa. Nakagua tena wiki ya 5 na ya 8.