Siku Moja Maishani Mwangu: Mwalimu wa Kiswahili, Mji Mkongwe, na Bahasha ya Picha za Mbwa

Nikisema kazi yangu ni kufundisha Kiswahili hapa Unguja, watu wangu wenyewe huniuliza: "Unamfundisha nani, na kila mtu anakijua?" Nawafundisha wageni. Wamo madaktari wa kujitolea, wanafunzi wa vyuo, wasimamizi wa mahoteli, na watu waliooa au kuolewa huku wanaotaka kuelewana na wakwe zao. Wapo wanaoamini ni kazi ya kukaa na mzungu kwenye kivuli, mkicheka na kunywa juisi, jioni ukalipwa. Basi hii hapa siku yangu moja, Jumatano ya mwezi wa Julai, siku ya vivumishi.

Saa 11 alfajiri. Sala, chai, sare za watoto, chapati za mama. Kila nyumba ya Bububu iko hivyo saa hiyo, sina la kuongeza.

Saa 12 na nusu. Daladala ya 502, mkoba mapajani. Ndani ya mkoba mna bahasha ya kaki yenye picha za mbwa nilizozikata kwenye kalenda kuukuu na magazeti yanayoachwa na wageni, nikazibandika kwenye kadibodi zisikunjike. Naziangalia njiani ili nijue leo nitaanza na ipi. Bibi mmoja aliyekaa ubavuni mwangu akachungulia, akaniuliza, "Mwanangu, mbwa hawa wa nini asubuhi yote hii?"

Nilimwamkia kwanza, kisha nikamweleza. Najua swali lake linatoka wapi. Sisi ni wafuasi wa Imamu Shafi, mate ya mbwa kwetu ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nyumbani sifugi mbwa wala sitafuga. Lakini picha haimnajisi mtu, na mbwa wa Watu wa Pangoni ametajwa ndani ya Suratul Kahf, amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Bibi akaitikia kwa kichwa. "Hilo kweli. Lakini si ungechukua paka? Mjini wamejaa."

Ni swali zuri, na nilimjibu kwa kirefu mpaka tukafika Darajani. Paka ukishamaliza rangi zao, wamebaki kulingana. Mbwa hawalingani hata kidogo. Yupo Great Dane, mgongo wake unamfikia mtu kiunoni, na yupo Chihuahua anayeingia kwenye mkoba. Yupo Dachshund, mrefu wa mwili, mfupi wa miguu, Wajerumani walimzalisha hivyo makusudi aweze kuingia mashimoni kufuata wanyama. Greyhound ni mwembamba, mwepesi, ana kifua kirefu na tumbo lililobonyea. Dalmatian ana madoa meusi mwili mzima, ingawa huzaliwa mweupe na madoa humtoka baadaye. Ukiziweka picha hizo mezani, mwanafunzi hana budi kuzitafutia sifa, la sivyo hawezi kuwatofautisha. Na jambo la pili ndilo kubwa zaidi: karibu kila mgeni anayekuja kwangu amekulia kwenye nyumba yenye mbwa. Muulize habari za serikali yake, atakwama. Muulize habari za mbwa wake, atasema kwa maneno ishirini aliyo nayo mpaka yaishe, kisha atakuomba mengine.

Saa 2. Chumba changu kiko Kiponda, mtaa wa Mji Mkongwe, orofa ya pili, ngazi za mbao zenye giza. Nimekikodi. Kina meza, viti vinne, ubao na dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Wa kwanza ni wasichana wawili kutoka Uholanzi, wiki yao ya pili. Wamekuja kusomea hapa kwa sababu mwalimu wao wa chuo aliwaambia kuwa Kiunguja cha mjini ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928, kwenye mkutano wa Mombasa, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Wanaliheshimu hilo kuliko baadhi yetu wenye mji.

Hawa sikuwapa orodha yoyote. Niliweka mezani picha moja tu, ya mbwa mweusi amesimama ubavu, nikaanza kumtaja kiungo kwa kiungo huku nikigusa kwa kidole. Mbwa mkubwa. Kichwa kikubwa. Mkia mrefu. Miguu mirefu. Jicho dogo, macho madogo. Sikio refu, masikio marefu. Pua nyeusi. Ulimi mwekundu. Kucha ndefu. Mwili wa mbwa mmoja una ngeli karibu zote tunazozihitaji, na mgeni anaziona zimeungana kwenye kiumbe kimoja. Kitabu kingempa jedwali lenye safu na nguzo, akalihifadhi leo na kulisahau keshokutwa. Nilipomaliza nikaanza upya, safari hii nikigusa na kunyamaza. Mmoja akasema "kichwa mkubwa", mwenzake akamrekebisha kabla yangu. Hapo najua somo limeingia. Saa nzima ikaisha hatujatoka kwa mbwa yule mmoja.

Saa 4. Huyu ndiye mwanafunzi ninayemsubiri kila wiki, daktari wa mifugo, kijana kutoka Ujerumani, anayejitolea kwenye chanjo za mbwa vijijini. Kwake vivumishi ni suala la uhai, na ningependa wanaodharau kazi hii wakae nasi saa hiyo moja.

Upande wa kusini mwa kisiwa wapo wasasi wanaofuga mbwa wa kuwindia nguruwe mwitu, kwa kuwa nguruwe hao wanaharibu mashamba. Fukweni nako kuna mbwa wa mahoteli na mbwa koko. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishamtokea mtu, kwa kawaida haponi. Kinga ni kuwahi sindano baada ya kung'atwa, na kuwachanja mbwa wenyewe, angalau asilimia 70 yao kama Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza. Pemba ugonjwa huo ulidhibitiwa kwa chanjo za mbwa. Sasa fikiria daktari huyu amesimama uani kwa watu, mtoto ameng'atwa, na wote wanasema kwa pamoja. Anachotakiwa kukamata ni sifa: alikuwaje, yukoje sasa. Mbwa aliyekuwa mpole akageuka mkali, au aliyekuwa mkali akawa mzito, mnyonge, anatokwa na mate, hiyo ni habari nzito. Asiyejua tofauti ya maneno hayo atafunga begi lake na kuondoka.

Jumatano hiyo tulikaa sana kwenye "mwembamba" na "aliyekonda". Yeye alikuwa akimwita kila mbwa mwenye mbavu za kuonekana "mwembamba". Nikamwekea Greyhound upande mmoja na, upande wa pili, picha aliyoipiga mwenyewe shamba, ya mbwa mgonjwa. Yule wa kwanza ni mwembamba, ndivyo alivyoumbwa. Wa pili amekonda, alikuwa na mwili ukamwisha. Kiswahili kina sifa nyingi za namna hiyo, zinakaa ndani ya kitenzi: amelowa, amechoka, amenona, amevimba, amechubuka. Akaandika zote. Halafu nikamwongezea kwamba mwanakijiji akisema "lile jibwa", pengine mbwa wala hakuwa mkubwa. Asikilize woga au chuki iliyomo. Na akisema "kijibwa chake", inawezekana anamdharau mwenye mbwa. Alicheka, akasema jana tu amelisikia hilo la kwanza na kwenye fomu akaandika "mkubwa sana".

Saa 6. Adhuhuri. Bakuli la urojo pale chini, kachori mbili, nikarudi juu. Umeme ukakatika. Kipupwe kipo nje, lakini chumba kile feni ikisimama huwa tanuri.

Saa 8. Picha zimepangwa, mwanafunzi hayupo. Saa 8 na robo hayupo. Saa 8 na dakika 40 nikasikia viatu kwenye ngazi. Huyu anasimamia ujenzi wa hoteli upande wa mashariki. Akaketi, akaiweka simu yake juu ya picha zangu, akasema kwa Kiingereza kwamba amekusanya vivumishi 200 na anataka tuvimalize leo.

"Karibu. Hujambo?" nikamwambia. Hatuanzi lolote chumbani mwangu bila salamu.

"Sijambo. Vivumishi."

Nikaichomoa picha ya mbwa chini ya simu yake. "Huyu yukoje?"

"Mbwa kubwa."

"Mbwa mkubwa."

"Simu inasema kubwa."

Nikamweleza kuwa simu imempa shina, na shina la kivumishi cha namna hiyo halisemwi mpaka lipatane na jina lake. Akafungua kitabu, akanionyesha kuwa "mbwa" limewekwa pamoja na nyumba na meza, basi aseme "mbwa nzuri" kama "nyumba nzuri". Nikamwambia kitabu kina haki kuhusu umbo: mbwa mmoja, mbwa wawili, neno halibadiliki. Lakini mbwa ana roho, na chenye roho hufuata njia ya mtu: mbwa mzuri, mbwa wazuri. Akasema haina mantiki. Nikampa mifano mingine: samaki mkubwa, ndege mweupe, kiboko mzee. Akasema tena haina mantiki, akatazama saa, akaniambia yeye si mtoto wa chekechea wa kuchezea picha.

Nilivuta pumzi. Ningeweza kumsomea hiyo orodha yake, akaondoka ameridhika na mimi nikapumzika. Sikufanya hivyo, kwa sababu kesho angerudi kwa mafundi wake akiwa hajui kitu, na jina langu la ualimu limo humo. Nikamwomba anitajie neno moja katika yale 200 linalomsumbua kazini. Akasema "kali". Orodha imempa tafsiri moja tu, ya hasira. Lakini mlinzi anasema mbwa mkali, fundi anasema msumeno mkali, mpishi anasema pilipili kali, na wote wanalalamikia jua kali. Alidhani wanamfanyia mzaha.

Tukalichukua hilo. Msumeno unafanya nini? Unakata. Jua? Linachoma. Pilipili? Inawasha. Mbwa? Anang'ata. Maana ya neno anaipata kwa jirani yake, na akiwa na jirani wanne hahitaji tafsiri. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Na msimamizi mkali?"

"Umesikia wapi?"

"Kazini."

"Inategemea wamesema nini baada yake." Kwa mara ya kwanza akaiweka simu mfukoni.

Nikaona hapo ndipo pa kuingilia. Nikamwambia nimemchagua mbwa mmoja kati ya wale wa mezani, aniulize mpaka ampate. Ana mkia refu? Mkia mrefu, hapana. Ana masikio refu? Masikio marefu, ndiyo. Ana pua refu? Pua ndefu. Hapo akapiga meza. Kwa nini ndefu, si neno lile lile? Sikumpa kanuni. Nikamtajia vitu vya kwake: kamba ndefu, ngazi ndefu, barabara ndefu, nondo ndefu. "Kamba ndefu" anaisikia kila siku, akaitambua. Tukarudia, nikarudia, akarudia, jasho linatutoka wote wawili, umeme bado. Mwishowe akampata: mbwa mfupi, mnene, mwenye masikio marefu na macho ya huzuni.

Kisha akaomba orodha.

Alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa, na mwanafunzi wa baadaye ameketi kwenye ngazi anasubiri. Bwana huyu akataka zile dakika 40 alizochelewa azipate. Nikamwambia haiwezekani, mwenzake amefika kwa wakati. Akasema analipa kwa saa. Nikamwambia saa yake imeanza saa 8, mimi nilikuwepo. Tulibishana mlangoni kwa adabu, lakini tulibishana, na kwa Kiingereza, ambayo kwangu ni uchovu juu ya uchovu. Alilipa. Nikampa kazi ya nyumbani: sentensi tano kumhusu mbwa wa mlinzi wake. Akasema hana muda. Nikamwambia mlinzi atamsaidia.

Waliofuata siwezi kuwaeleza vizuri, nilikuwa nimechoka. Mmoja alikuwa mzee Mfaransa, mpole, ambaye mbwa wake amekufa mwaka huu na alitaka kujua kusema "mwaminifu" na "msikivu". Mwingine alikuja kwa matamshi. Watu hudhani koo ndilo linalochoka. Kinachonimaliza ni kusema polepole mchana kutwa, lugha yangu mwenyewe nikiipimia. Kila mwanafunzi ana maneno yake anayoyajua, na ni lazima niyabebe yote kichwani: huyu nimeshampa "mnene", yule bado, huyu akisikia "hodari" atakwama. Ninazungumza ndani ya maneno yao tu, na wakati huohuo nasikiliza kosa lipi la kusahihisha sasa na lipi la kuliacha lipite asije akavunjika moyo.

Magharibi imenikuta Darajani, daladala imejaa, nimesimama. Kondakta, "Mwalimu, ingia ndani, ndani kuna nafasi." Haikuwepo.

Baada ya isha simu ikalia. Ujumbe wa sauti wa yule daktari, yuko shamba. Anasema mbwa waliyemtafuta wamempata, na ameniwekea maelezo yake kama alivyowaambia wanakijiji: "Mbwa mdogo, mwekundu kidogo, amekonda, mkia mfupi, mkali kwa wageni, sikio limoja limekatika." Kabla hajamaliza, mtoto mmoja akamjua ni wa nani, na mwenyewe akamleta kwa kamba achanjwe.

Nimemjibu kwa sauti kwamba ni sikio moja, wala si limoja, na kwamba mengine yote yako sawa.

Kesho saa 2 wasichana wa Uholanzi wanaanza "kuliko". Nimewatolea mbwa watatu wanaokaribiana urefu, ili wabishane.