Nilivyojiandaa kabla ya kufungua kompresa ya kiyoyozi cha gari

Kiyoyozi cha gari langu kilipoanza kutoa hewa isiyopoa, niliazimia kutoigusa kompresa, yaani pampu inayokandamiza gesi ya kupozea, mpaka nithibitishe kwamba kasoro imo ndani yake, kwa sababu gesi iliyopungua, fyuzi iliyoungua, relei (swichi ya umeme) iliyokufa au klachi ya kompresa (inayoiunganisha na mkanda wa injini) isiyonasa huleta dalili ile ile kwa aliyeketi kwenye kiti cha dereva.

Niliunganisha geji za presha kwenye upande wa chini (wa presha ndogo) na upande wa juu (wa presha kubwa) wa kiyoyozi, injini ikiwa imezimwa na kupoa. Pande zote mbili zilionyesha presha moja, inayowiana na joto la hewa. Kwa R-134a, gesi ya kupozea iliyomo kwenye gari langu, nyuzi 25 za Selsiasi huendana na baa 5.7 hivi. Kipimo hicho huthibitisha tu kwamba bado mna gesi ya kimiminika, wala hakionyeshi kama inatosha. Jibu lilipatikana injini ilipowashwa: klachi ilinasa vizuri, lakini presha ya upande wa chini haikushuka ipasavyo na ya upande wa juu haikupanda, hata nilipoongeza mwendo wa injini. Kompresa yangu ni ya ujazo usiobadilika, yaani husukuma kiasi kile kile cha gesi kila mzunguko, hivyo dalili hizo zilielekeza kwenye kompresa yenyewe. Ingekuwa ya ujazo unaobadilika, ningelazimika kukagua kwanza vali yake ya kudhibiti.

Gesi sikuiachia hewani. Kilo moja ya R-134a huipasha dunia joto takriban mara 1,400 kuliko kilo ya kaboni dioksidi katika kipindi cha miaka 100, na kwa kuwa huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, ikifika kwenye ngozi au jicho hugandisha. Nililipeleka gari kwenye gereji yenye mashine ya kunyonya gesi, ikatolewa na kupimwa uzito.

Baada ya hapo, nikiwa nimevaa glavu na miwani, nililegeza paipu inayotoka kwenye kompresa na kupangusa ndani yake kwa kitambaa cheupe. Kilitoka na mafuta meusi yenye chembe za chuma. Hatua hii naithamini kuliko zote, kwani ndiyo iliyoamua vipuri vya kununua: chembe hizo hunasa katika mirija myembamba ya kondensa (rejeta inayopoza gesi iliyokandamizwa), ambayo haisafishiki kikamilifu, kisha hujitokeza baadaye na kuiharibu kompresa mpya. Kwa hiyo niliagiza pia kondensa, kichungi cha kukaushia unyevu, vali ya kupanulia gesi na oringi zote (pete za mpira za kuzuia uvujaji), nikatenga dawa ya kusafishia paipu zilizobaki.

Mafuta ya kulainisha kompresa nilichagua ya PAG, aina ya mafuta ya sintetiki, yenye mnato uliotajwa na mtengenezaji wa kompresa. Kwa kuwa hunyonya unyevu wa hewa upesi, kopo nililiacha limefungwa, na vifuniko vya plastiki vya kompresa mpya sikuvitoa mpaka paipu zilipokuwa safi na tayari kuunganishwa.